Nyuzi, digrii na mlalo: namna ya kupima kwa hadubini

Plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo huwa na nguvu kubwa ikivutwa sambamba na nyuzi zake, na huwa dhaifu nguvu ikizikingama. Asiyejua nyuzi zimelalaje ndani ya kipande aweza kukitwisha mzigo mahali kilipo dhaifu, kikavunjika.

Ili kuujua mlalo huo, kipande hukatwa, uso wake hung'arishwa, kisha hutazamwa kwa hadubini. Mkata muwa anaijua kanuni yake: ukikatwa kwa kukingama hutoa duara, ukikatwa kimshazari hutoa duaradufu. Upana wa duaradufu ni sawa na kipenyo cha uzi. Ukigawa upana kwa urefu, wapata kosaini ya pembe iliyo kati ya uzi na mstari unaosimama wima juu ya uso uliokatwa. Uzi wenye kipenyo cha mikromita 10 ukitoa duaradufu yenye urefu wa mikromita 20, pembe ni digrii 60.

Twasema digrii kwa makusudi. Walimu wa hesabu wamezoea kusema «nyuzi 60», lakini hapa msomaji angedhani tumehesabu nyuzi sitini za kioo! Vivyo hivyo twapendelea neno mlalo kuliko mwelekeo. Anayeelekea mahali ana uso na kisogo, uzi hauna. Ugeuze ncha kwa ncha, mlalo wake ni uleule.

Walakini duaradufu moja haisemi yote. Uzi unaozama upande wa kulia na ule unaozama upande wa kushoto, pembe zikiwa sawa, huacha alama ileile. Dawa yake ni kuusaga uso tena mikromita chache, na kutazama kitovu cha duaradufu kimehamia wapi. Hadubini ya konfokali yaweza kuondoa kazi hiyo, kwa kuwa huona kidogo chini ya uso, mradi mwanga upenye.

Nyuzi zinazokaribia kusimama wima zina taabu yake. Uzi wetu wa mikromita 10 ukiinama digrii 10, duaradufu hurefuka kwa mikromita 0,15 tu, tofauti ambayo hadubini ya mwanga wa kawaida huipambanua kwa shida. Nazo zilizolala karibu sambamba na uso hukatwa mara chache, hata anayehesabu alama tupu huzipunja. Kwa hiyo kila alama hupewa uzito wa 1 kugawanywa kwa kosaini ya pembe yake: uzi wa digrii 60 huhesabiwa kuwa 2.