Safari ya familia katikati ya mizabibu na bahari ya Margaret River

MIONGONI mwa safari ambazo familia hufunga kwa gari la kulala ndani nchini Australia, ni chache zinazoweza kulinganishwa na ile ya kutoka jijini Perth kuelekea Margaret River, mwendo wa takriban kilomita 270 upande wa kusini. Gari lenyewe ni nyumba ndogo juu ya magurudumu: vitanda, jiko la gesi, jokofu na tangi la maji. Mkenya akilishika usukani hatatatizika sana, kwani huko pia magari hupita upande wa kushoto.

Eneo linalozungumziwa liko kati ya rasi mbili, Naturaliste kaskazini na Leeuwin kusini, ambazo zimetengana kwa takriban kilomita 100. Ufuoni kuna Hifadhi ya Taifa ya Leeuwin-Naturaliste, ukanda mwembamba wa vichaka, misitu na mapango unaotazamana na Bahari ya Hindi, ile ile inayoosha fuo za Lamu na Mombasa. Ukiingia bara kidogo unakutana na mizabibu.

Mizabibu hiyo si ya kale. Hadi miaka ya 1960 wakazi walitegemea zaidi ng'ombe wa maziwa na mbao. Mwaka wa 1965 mtaalamu wa kilimo, Dkt John Gladstones, aliandika kwamba hali ya anga ya huko inakaribiana na ya Bordeaux, Ufaransa. Daktari wa tiba, Tom Cullity, akaanzisha shamba la Vasse Felix mwaka wa 1967, na madaktari wenzake wakamfuata. Leo, aina za Cabernet Sauvignon na Chardonnay kutoka huko zinasifika ulimwenguni ingawa eneo lenyewe hutoa sehemu ndogo tu ya mvinyo wa Australia.

Hapo ndipo familia hulazimika kuamua mapema nani ataendesha. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwenye damu ya dereva ni asilimia 0.05, na polisi humsimamisha yeyote na kumpima kwa kifaa cha aina ya kile ambacho Wakenya wamekizoea kwa jina la alcoblow. Vionjo vinne au vitano katika mashamba matatu si jambo dogo kwa mtu anayerudi kwenye gari zito lililobeba watoto.

Watoto nao wana sheria yao. Kila aliye chini ya miaka 7 sharti afungwe katika kiti maalumu kilichoidhinishwa, na hakuna ruhusa ya kulala kitandani gari likiwa mwendoni. Si kila gari la aina hii lina mahali pa kufungia kiti cha mtoto mchanga. Hilo huulizwa kabla ya kulipa. Aidha, ni busara kufika kambini kabla ya jua kutua, maadamu kangaruu huvuka barabara kwa wingi alfajiri na magharibi.

Kuhusu malazi, dhana kwamba gari likiwa na kitanda basi linaweza kuegeshwa popote ni potofu. Kulala katika maegesho ya ufuoni ni kosa la kutozwa faini. Wageni hutumia viwanja vya kulipia, ama vya watu binafsi, ama vya hifadhini kama Conto. Maji machafu nayo humwagwa mahali palipotengwa pekee.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni mwamba. Upepo ulirundika mchanga na vipande vya kombe kwa maelfu ya miaka, ukagandamana kuwa mawe ya chokaa yaliyoketi juu ya matale. Mvua huyayeyusha taratibu. Huko chini matokeo ni mapango ya kuvutia kama Lake, Jewel na Mammoth, ambalo lina mabaki ya wanyama wakubwa waliotoweka. Huko ufuoni, mwamba huo huo huliwa kutoka chini hadi ukabaki ukining'inia, nao hutoa kivuli kizuri siku ya jua kali.

Mnamo Septemba 27, 1996, huko Gracetown, wazazi, walimu na wanafunzi walikuwa wamekaa chini ya jabali la namna hiyo wakitazama mashindano ya shule ya kuteleza juu ya mawimbi. Jabali liliporomoka likaua watu tisa, wanne kati yao wakiwa watoto. Mzazi anayetafuta pa kutandika mkeka na ajitenge na majabali, hata kama kivuli ni hicho tu.

Moto ni hatari nyingine. Novemba 2011, moto uliowashwa na maafisa wa hifadhi ili kupunguza majani makavu uliwaponyoka na kuteketeza zaidi ya nyumba 30. Kwa hivyo, kati ya Desemba na Machi, msafiri husikiliza matangazo ya moto kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga.

Wanaoyaepuka majira hayo kwa kwenda kati ya Juni na Agosti hukumbana na mvua na baridi, lakini huko Augusta huweza kuwaona nyangumi katika Flinders Bay wakiwa wamesimama nchi kavu, bila kukodi mashua.