Je, Wajua? Basi la Ghorofa Linaloenea Kiganjani

Lile basi jekundu la ghorofa la London, Routemaster, lilianza kubeba abiria mwaka 1956 na yakaundwa 2,876. Vigari vya chuma vilivyosubiwa kwa mfano wake vimesambaa duniani kote. Ukikifuatilia kimoja, utafika London, Nyeri, Nairobi na hata bandari ya Kisumu.

Tani saba zingekuwa gramu 17

Wakusanyaji wa vigari hupenda sana kipimo cha 1:76, yaani kila sentimita ya kigari ni sentimita 76 za basi lenyewe. Routemaster la mita 8.4 hubaki sentimita 11. Uzito hushuka kwa kasi zaidi, maana unagawa kwa 76 mara tatu: tani saba na kitu zingekuwa gramu 17 tu! Kigari halisi ni kizito kuliko hapo, ndiyo sababu hukaa mkononi kwa heshima.

Ziwa Victoria lingekufika kiunoni

Tulipunguze ziwa kwa kipimo hichohicho. Urefu wake wa kilomita 337 hivi ungekuwa kilomita 4.4, lakini kilindi chake kikubwa, mita 80 na ushei, kingekuwa mita moja tu! Ziwa hili letu linalogusa nchi tatu ni sinia pana lenye maji haba, na ndiyo maana upepo ukivuma mawimbi hupanda upesi na wavuvi huchukua tahadhari.

Safari ya Nyeri iliyozaa vigari

Februari 1952, Elizabeth alirithi ufalme wa Uingereza akiwa Kenya, alipolala katika hoteli ya Treetops, Nyeri. Mwaka uliofuata kampuni ya Lesney ya London ilitengeneza kigari kidogo cha farasi cha kutawazwa kwake, kikauzwa zaidi ya milioni moja. Mauzo hayo yaliipa kampuni nguvu ya kuanzisha Matchbox, jina lililopendwa na watoto wa dunia nzima.

Sheria ya shule ndiyo iliyoamua ukubwa

Binti wa Jack Odell, fundi wa Lesney, aliruhusiwa kwenda shuleni na kitu cha kuchezea iwapo tu kingeenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Baba akamsubia kigari cha kushindilia barabara, kidogo kama kidole. Mwaka 1954 basi la ghorofa la London likaingia kwenye orodha ya Matchbox, likiwa namba 5. Amri ya darasani ikageuka kiwanda kizima!

Kisumu iliunga vitu vikubwa zaidi

Unadhani kuunga vipande vilivyokuja kwenye makasha ni mchezo wa watoto? Meli William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande, na wapagazi wakavibeba hadi ziwani. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, kabla reli haijafika Desemba 1901. Miaka 60 baadaye meli Victoria nayo ilikuja vipandevipande kutoka Glasgow, ikaungwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Mafundi wa bandari hii walikuwa wakiunga majitu ya chuma kipande kwa kipande.

Nairobi nayo ilikuwa na ghorofa zake

Kenya Bus ilianza Nairobi mwaka 1934 ikiwa na mabasi 13. Katika miaka ya 1990, ikiwa chini ya Stagecoach ya Scotland, iliendesha mabasi ya ghorofa aina ya Dennis Dragon. Baadhi yake baadaye yalipelekwa Manchester, Uingereza, yakabeba wanafunzi wa huko. Mara nyingi magari makuukuu ya Ulaya huja kumalizia maisha Afrika. Haya yalikwenda kinyume!

Chuma nacho huugua

Vigari hivi husubiwa kwa zinki iliyochanganywa na alumini, magnesi na shaba. Zamani, madini ya risasi yakipenya kidogo tu kwenye mchanganyiko, kigari kiliweza kupasuka na kumomonyoka chenyewe baada ya miaka, hata kama hakijaguswa. Joto na unyevu huharakisha maradhi hayo, kwa hiyo anayeishi ufukweni mwa ziwa akiweke mahali pakavu penye hewa.

Waya, mikebe na kandambili

Kandokando ya ziwa, kama kwingineko Kenya, watoto huunda mabasi yao wenyewe: waya kwa fremu, mkebe wa mafuta ya kupikia kwa bodi, kandambili kuukuu kwa magurudumu, na usukani mrefu wa kuyaendesha wakiwa wamesimama. Vijana wengine huunda nganya, yaani matatu zenye madoido, kwa karatasi ngumu, rangi na taa ndogo, hadi michoro ya ubavuni inafanana na ya matatu halisi. Hakuna kalibu wala kiwanda, hivyo hakuna mawili yanayofanana kabisa, na hapo ndipo yanapoyashinda ya dukani.

Basi msomaji, ukikuta kigari cha zamani kabatini kwa babu, usikipake rangi mpya wala usitupe kisanduku chake, maana wakusanyaji huthamini sana rangi ya asili na kisanduku cha awali. Na mtoto akikuonyesha basi lake la waya, lihifadhi pia, kwa sababu lingine kama hilo halitaundwa tena.