Seli shina za kweli haziuzwi ndani ya basi

ANAYEPITA Rusumo mara kwa mara ameshaziona. Ni pakiti ndogo za unga, au vidonge ndani ya boksi lenye picha ya kitu cha duara kinachong'aa. Muuzaji husimama katikati ya basi kabla halijaondoka na kutangaza kuwa hizo ni 'seli shina', zinatibu kisukari, presha, macho na magoti. Siku hizi wameongeza kwamba Wajapani walipata Tuzo ya Nobel kwa jambo hilo.

Ndugu msomaji, hapo kwenye Wajapani na Nobel muuzaji hadanganyi, na ndiyo maana yanayofuata yanawanasa wengi.

Mwenye tuzo ni Profesa Shinya Yamanaka wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Baba yake alikuwa na kiwanda kidogo cha vipuri vya cherehani. Kijana alisomea upasuaji wa mifupa, lakini mkono ulikuwa mzito: upasuaji ambao wenzake waliumaliza kwa dakika 20, yeye ulimchukua saa mbili. Wakamwita 'Jamanaka', kwa kuwa 'jama' kwa Kijapani ni kikwazo. Akaacha kisu, akahamia maabara.

Katika siku za mwanzo za mimba, seli zinafanana na kila moja inaweza kuwa chochote: damu, mfupa, moyo au ubongo. Hizo ndizo seli shina. Mtoto anapokua, kila seli hushika kazi yake na kubaki nayo. Seli ya ngozi bado ina maelekezo ya kutengeneza moyo, ila kurasa hizo zimefungwa. Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini hazifunguki tena. Mwingereza John Gurdon aliwatikisa mwaka 1962 alipochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia ndani ya yai la chura lililoondolewa kiini chake, na kiluwiluwi mzima akapatikana. Chura mwenyewe alikuwa wa kwetu Afrika, yule mwenye kucha anayetoka kusini mwa bara hili.

Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi hawakutumia yai. Waliorodhesha jeni 24 walizodhani ndizo zinazoiweka seli katika uchanga, wakazipenyeza kwenye seli za panya kwa kutumia virusi, kisha wakawa wanaondoa moja moja kuona ipi ikikosekana kazi inakwama. Zikabaki nne tu. Mwaka 2006 walitangaza kuwa seli ya panya imerudi uchangani, na mwaka 2007 wakafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Nobel ilikuja mwaka 2012, yeye pamoja na Gurdon.

Sisi tuliorudi kutoka Ngara na Karagwe tunajua kurudi kuna mambo yake. Seli nazo ni hivyo hivyo. Mojawapo ya jeni zile nne inahusika na saratani, na seli iliyorudi uchangani ikiingizwa mwilini kabla ya kufundishwa kazi inaweza kuota uvimbe. Kwa hiyo hulelewa kwanza maabara kwa wiki nyingi mpaka iwe seli ya jicho, ya kongosho au ya ubongo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mama wa Kijapani mwenye umri wa miaka 70 na kitu. Mwezi Septemba 2014, huko Kobe, alipandikizwa nyuma ya jicho utando mdogo uliotengenezwa kutokana na ngozi yake mwenyewe. Uoni wake haukuboreka, ila haukuzidi kuharibika. Kazi hiyo iligharimu yeni zipatazo milioni 100. Mgonjwa wa pili alikuwa tayari, lakini seli zake zilipokutwa na mabadiliko ya jeni, madaktari wakasimamisha.

Shangazi yangu anauza samaki wa Mwanza na anajichoma insulini kila siku. Juzi akaniuliza, "Mwanangu, nikinywa ule unga wa kwenye basi niache sindano?"

Nikamuuliza, "Shangazi, samaki mbichi asiye na barafu anafika Kigali?"

"Anafika ameoza."

Seli hai huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Unga uliopigwa na jua kwenye dirisha la basi hauna seli hai hata moja. Na hata ingekuwamo, tumbo lingeisaga kama linavyosaga maharage. Mgonjwa anayetegemea insulini kabisa akiiacha, siku chache tu zinatosha damu yake kujaa asidi, naye akapoteza fahamu na kufa.

Wapo walioiacha kwa njia halali. Huko Tianjin, China, binti wa miaka 25 mwenye kisukari cha aina ya kwanza alipandikizwa tumboni, mwaka 2023, seli za kongosho zilizotokana na mafuta ya mwili wake. Siku 75 baadaye hakuhitaji insulini tena, na mwaka ulipotimia bado alikuwa hivyo. Lakini binti huyo alikuwa tayari anatumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, kwa sababu aliwahi kupandikizwa ini. Asiyetumia dawa hizo, kinga yake ingeweza kuzishambulia seli mpya.

Kyoto nako, matokeo yaliyochapishwa Aprili 2025 yanaeleza wagonjwa saba wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, waliopandikizwa seli ubongoni na kufuatiliwa miezi 24. Hakuna aliyepata madhara makubwa. Kati ya sita waliopimwa nguvu ya tiba, wanne waliboreka katika kujongea.

Msidhani wanaonaswa ni sisi wa mipakani tu. Huko Florida, Marekani, mwaka 2015, wanawake watatu wenye umri kati ya miaka 72 na 88 walidungwa machoni kitu kilichoitwa seli shina, kilichotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Hakikuwa na uhusiano na kazi ya Kyoto. Waliingia wakiona, wakapoteza uoni wao. Baadhi yao waliamini kuwa wamo katika utafiti, na kila mmoja alilipa dola 5,000. Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa kwa dawa inayojaribiwa juu yake.