Maiki yako ya valvu inachoma masikio? Soma hii kabla hujatoa pesa

Umejichanga miezi kadhaa, ukauza simu yako ya zamani, na hatimaye umenunua ile maiki ya valvu kutoka China, yenye umbo la maiki za kale. Unaisimamisha kwenye bedsitter yako, mshikaji anaanza kurap, unavaa hedifoni kusikiliza. Wacha! Kila "s" ni kama mtu anakaangia samaki ndani ya sikio lako.

Hayo yalinipata mimi. Nikafanya kosa ambalo huenda uko karibu kulifanya: nilichukua pesa za kodi ya nyumba nikanunua valvu kuukuu ya Ulaya, kwa sababu mtandaoni kila mtu anakuambia ubadilishe valvu. Nikaichomeka, nikarekodi. Samaki bado alikuwa karaini, na landilodi hakutaka kusikia habari za valvu.

Mimi niliacha chuo kabla ya kupata cheti, lakini daftari zangu za umeme sikuzitupa. Kuzifungua tena ndiko kulinionyesha tatizo liko wapi.

Nusu ya hesabu

Mwaka 1960 kampuni ya Neumann ya Berlin, Ujerumani, ilitoa maiki ya U 67, iliyotumia valvu ya EF86. Kapsuli yake, yaani ule utando mwembamba uliopakwa dhahabu ambao ndio sikio la maiki, iliundwa makusudi iinue sauti kali za juu. Halafu saketi ikazishusha tena.

Utauliza, kwani kuna haja gani ya kuinua kisha kushusha? Ni hivi: valvu ina kelele yake ya "shhh", na kelele hiyo inaingia baada ya kapsuli. Saketi inaposhusha sauti za juu, inaishusha na hiyo kelele. Sauti ya mwimbaji inarudi sawa, "shhh" inapungua. Akili hiyo!

Sasa maiki nyingi za bei nafuu zimeiga kapsuli hiyo, lakini zimeiweka kwenye saketi isiyoshusha chochote. Wamenakili nusu ya hesabu. Ndiyo maana ukibadilisha valvu hata mara kumi, ukali unabaki palepale.

Dawa ni ndogo

Maiki yangu inatumia valvu ya 12AX7, na anodi yake inapata umeme kupitia rezista ya kilo-omu 100. Niliongeza kapasita moja tu, kutoka anodi hadi groundi. Kapasita hiyo inapitisha sauti za juu kwenda groundi kabla hazijafika kwenye transfoma.

Nilianza na ya pikofaradi 220. Hiyo inaanza kufanya kazi karibu na kilohezi 19, kwa hivyo tofauti ni ndogo. Nikaweka ya 470, ambayo inaanza karibu na kilohezi 9, na hapo samaki akatoka karaini. Saketi yako ikiwa na valvu au rezista tofauti, hesabu zinabadilika. Anza na ndogo, rekodi sauti ileile, sikiliza, ndipo uongeze. Tafuta ya volti 400, aina ya filamu au iliyoandikwa C0G. Ukizunguka maduka ya vifaa vya umeme Luthuli Avenue, utaipata kwa pesa kidogo sana.

Hapa usicheze

Sikiza vizuri. Ndani ya boksi la umeme la maiki hii kuna volti zaidi ya 100, na kapasita kubwa zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Unaweza kufa. Chomoa, subiri, kisha pima kwa maltimita. Kama bado kuna volti, maliza umeme huo kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpira, halafu pima tena. Usiguse chochote kabla mita haijakaribia sufuri.

Mambo mengine matatu:

- Piga picha kila waya kabla ya kuigusa.
- Ondoa kapsuli au uifunike kabisa. Tone moja la lehemu likiiangukia, kwisha.
- Usishike kwa vidole rezista zilizo karibu na kapsuli. Mafuta ya ngozi yanavujisha umeme na maiki inaanza kukwaruza. Ukishika, safisha kwa spiriti ya isopropili na uache ikauke.

Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, usijifunzie kwa maiki hii. Tafuta fundi mzee aliyetengeneza redio na amplifaya za valvu, kaa kando yake umtazame, na umlipe. Itakugharimu kidogo kuliko ile valvu yangu ya Ulaya, na landilodi wako atalala vizuri.