Mtoto Akiuliza, Tusimzime

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoikumbuka methali hiyo pale mtoto wa miaka mitano anapotoa swali la kumi kabla hata chai ya asubuhi haijapoa? Wengi wetu humjibu kwa neno moja: "Nyamaza!" Naye hunyamaza. Akinyamazishwa mara nyingi huzoea, na siku mwalimu atakapotaka kusikia wazo lake, hatakuwa na la kusema.

Tuseme mama na mwanawe wamepanda gari mjini Busia, upande wa Uganda, wakielekea Tororo. Wanapoukaribia mji, mwamba mkubwa wa Tororo unajitokeza, umesimama peke yake juu ya nyumba. Mtoto anauliza, "Mama, nani aliliweka jiwe lile pale?"

Mama aweza kumwambia asimsumbue, na mazungumzo yakawa yamekwisha. Lakini aweza pia kumrudishia swali: "Wewe wadhani ni nani?"

"Ni jitu."

"Lilitumia mkono mmoja au miwili? Tena lilikuwa likienda wapi?"

"Kenya. Lakini askari wa mpakani waliliona halina kitambulisho, likatupa mzigo likakimbia."

Abiria watacheka, lakini tutazame mtoto huyu amefanya nini. Ametafuta chanzo cha jambo, amekiunganisha na matokeo yake, na ametumia aliyoyaona kwa macho yake pale mpakani. Hiyo ndiyo kazi ya akili, ingawa imevaa nguo za mchezo.

Baadhi ya wazazi huhofu kwamba kwa njia hii tunamfundisha mtoto uongo. Sivyo, maadamu ukweli haufichwi. Kicheko kikiisha, mama na aeleze kwamba mwamba ule ni mabaki ya volkano ya kale. Kwamba mvua na upepo viliondoa sehemu laini kwa mamilioni ya miaka, ukabaki moyo mgumu, ambao kilele chake kimefika karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Mtoto aliyekwisha kujitafutia jibu lake husikiliza jibu la kweli kwa hamu kubwa zaidi.

Mpaka wenyewe nao umejaa maswali. Kwa nini shangazi aishi nchi nyingine, ilhali huzungumza Kisamia kama sisi? Hapo mzazi aweza kueleza kwamba Wasamia na Wateso wako pande zote mbili, na kwamba mwaka 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakautia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Kisha na aulize: mbuzi akivuka Mto Sio kufuata majani, huwa mbuzi wa nchi gani? Tusiharakishe kujibu. Tumwache mtoto ahangaike nalo hata kesho.

Wala mbinu hii si ngeni kwetu. Tangu zamani jioni zetu zilikuwa na vitendawili: mmoja hutega, wengine hutegua, na aliyeshindwa hutoa mji. Mtoto wa huku akitoa Busia, mara huulizwa, "Ipi, ya Kenya au ya Uganda?" Naye hulazimika kufikiri upya. Mchezo huo hauhitaji fedha, wala kitabu, wala mzazi aliyesoma sana. Wahitaji sikio tu.

Wazazi wenzetu, twajua kwamba kazi ni nyingi na jioni hutukuta tumechoka. Hata hivyo, tutenge muda mfupi, wakati wa kupukuchua mahindi au kungojea chakula kiive, tumwulize mtoto, "Leo umeona nini cha ajabu?" Kisha tumsikilize mpaka mwisho. Na tusipolijua jibu la swali lake, tusione haya kusema, "Sijui, mwanangu, twende tukaulize."