JOISTIKI YA NDEGE KATIKA KABATI LA MICHEZO

Wahenga walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Methali hii twaiandika kila mara katika insha zetu. Mwaka huu imetufaa hata katika karakana.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, bila shaka mmeliona lile kabati la michezo ya kompyuta ambalo chama chetu huliweka ukumbini siku ya wazazi. Tulilitengeneza kwa plaiwudi, kompyuta kuukuu na skrini yake. Kila anayecheza hutoa shilingi 10, na pesa hizo ndizo za kununulia kamusi za chama. Kwa hivyo kabati likikwama, kamusi nazo zimekwama! Wengi wameniuliza, "Mbona mmeweka usukani wa ndege?" Nitawajibu, tena kwa Kiswahili, maana wako wanaodai ati lugha yetu ni ya mashairi na ngano tu, mambo ya umeme haiyawezi.

Hebu tuanze na tofauti yenyewe. Joistiki ya kabati la kawaida, kama lile la Pac-Man lililotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka wa 1980, ni fimbo fupi. Chini yake mna swichi nne: ya juu, ya chini, ya kushoto na ya kulia. Ukiisukuma, swichi moja hulia "ka!", basi. Haijui kama umesukuma kidogo au kwa nguvu zako zote. Kwake ni ndiyo au la.

Joistiki ya ndege ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna vifaa viwili vinavyofanana na kile tunachozungusha ili kuongeza sauti ya redio. Mafundi hukiita potenshiomita. Kimoja hupima kushoto na kulia, cha pili hupima mbele na nyuma. Ukiinamisha fimbo kidogo, ukinzani wa umeme hubadilika kidogo. Ukiinamisha sana, hubadilika sana. Ndiyo maana inafaa ndege, kwa sababu rubani huilaza ndege polepole, hagongigongi swichi. Hata kampuni ya Sega, ilipotoa mchezo wake wa ndege uitwao After Burner mwaka wa 1987, ilitumia fimbo ya aina hii katika makabati yake. Kwa hivyo tulichofanya si kioja.

Yetu tuliinunua kwa muuzaji wa vifaa vikuukuu kwa shilingi 250. Ilikuwa rahisi hivyo kwa sababu plagi yake ya pini 15 haina pa kuchomekwa siku hizi. Plagi hiyo ina asili yake katika kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981, na jinsi kompyuta hizo zilivyoisoma joistiki ni jambo la kufurahisha. Chukua mtungi uuweke chini ya bomba. Bomba likifunguliwa kidogo, mtungi huchelewa kujaa. Likifunguliwa sana, hujaa upesi. Joistiki ndiyo bomba, na mtungi ni kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme. Kompyuta ilihesabu tu muda wa mtungi kujaa. Kwa ukinzani wa omu 100,000, muda huo ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde! Baada ya USB kuingia mwaka wa 1996, plagi ile ikaanza kuachwa. Joistiki yenyewe bado ni nzima, ila imekosa mkalimani.

Mkalimani wetu mpya ni kibao kidogo kiitwacho Arduino Leonardo, ambacho kompyuta hukiona kama kibodi au joistiki ya USB. Tulifungua kitako cha joistiki, tukakuta kila potenshiomita ina miguu mitatu na mmoja umeachwa mtupu. Mguu huo tuliuunganisha na waya wa sifuri, mguu wa pembeni wa pili ukapata volti 5, na ule wa katikati ukaenda kwenye kibao. Kibao hugeuza umeme kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023. Fimbo yetu husoma 140 ikilala kushoto kabisa, 870 ikilala kulia kabisa, na 505 hivi ikiachwa wima.

Nasema "hivi" kwa sababu kifaa kikuukuu hakitulii. Mara 498, mara 511, kumbe hakuna aliyekigusa. Dawa yake ni mbili. Kwanza, safisha potenshiomita kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme. Pili, iambie programu isijali mabadiliko madogo karibu na katikati.

Katika FlightGear, programu ya bure ya kurusha ndege, tunapeleka namba zile zile. Lakini katika mchezo wetu wa vichochoro, tuliouunda kwa Scratch, kibao hujifanya kibodi. Namba ikishuka chini ya 300, hubonyeza mshale wa kushoto, na hauachilii mpaka namba ipite 360. Pengo hilo likikosekana, mshale hubonyezwa na kuachiliwa ovyo mkono ukitetemeka. Na fimbo ikilala pembe-pembe, kibao huchagua upande ulioinamishwa zaidi.

Je, inafaa kila mchezo? La hasha! Fimbo yake ni ndefu, kwa hivyo kuihamisha kutoka kushoto hadi kulia huchukua muda. Kwa ndege na vichochoro ni sawa. Kwa michezo ya ngumi utapigwa kabla hujageuka. Isitoshe, fimbo ndefu ni wenzo. Mchezaji akiivuta kwa hamaki, huvuta kabati zima. Ndiyo sababu tulikaza kitako kwa bolti nne chini ya ubao wa milimita 18, tukaweka mawe sakafuni mwa kabati.

Neno la mwisho kwa atakayejaribu. Volti 5 za joistiki hazitakudhuru, lakini ule umeme wa ukutani utakuua. Chomoa plagi kabla ya kuingiza mkono kabatini. Na kama skrini yako ni ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, usiifungue kamwe, hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa huweza kuhifadhi umeme mkali ndani yake.

Katika stoo ya shule bado mna kasha zima la vifaa vinavyongoja kutupwa. Nawaomba walimu wetu, kabla halijabebwa, mturuhusu tulipekue. Kamusi tunazihitaji, na huenda msala wetu mwingine umo humo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu