Korosho inamlipia ada, lakini akiila anavimba midomo

Msimu wa korosho unapofunguliwa Oktoba, vijiji vya Masasi na Newala huhesabu siku kwa minada. Watoto wakitoka shule wanaokota chini ya mikorosho, akina mama wanatenganisha mabibo na korosho na kuzianika, vyama vya msingi vinapima na kukusanya, na wazee wanasubiri kusikia mnada wa MAMCU au TANECU umefunga kwa bei gani. Sare za shule, bati la nyumba na deni la dukani vyote vinangoja korosho.

Sasa chukua nyumba moja yenye mikorosho hamsini, na ndani yake mtoto wa miaka minne ambaye akitafuna punje moja tu ya korosho iliyochomwa, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka yanayowasha na kikohozi kinaanza. Mtoto huyo hawezi kuhamishwa shambani, maana shamba limeizunguka nyumba. Korosho nazo haziwezi kuondolewa nyumbani, maana ndizo fedha za mwaka mzima.

Hali hiyo ni mzio wa chakula, ambao wengi wanauita aleji. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inakosea na kuiona protini ya chakula kama adui. Mara nyingi dalili hutokea haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: kuwashwa, mabaka, uvimbe wa midomo au macho, kutapika, tumbo kusokota, kukohoa, na kwa mtoto aliyezidiwa, kukosa pumzi na kuishiwa nguvu.

Vyakula vinavyoongoza kwa kuleta mzio duniani ni vichache: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii za lozi, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Mzazi wa Nanganga akiisoma orodha hiyo atagundua kwamba sehemu kubwa yake inalimwa nyuma ya nyumba yake. Karanga zimo kwenye kisamvu, ufuta uko ghalani, korosho ziko kwenye kanga inayoanikwa uani. Ushauri unaotolewa kwenye vipeperushi vya Ulaya, kwamba mzazi asiingize chakula hicho nyumbani, huku kusini haumsaidii mtu.

Si kila kinachowasha ni mzio wa chakula

Kabla ya kumpiga mtoto marufuku chakula, lazima ijulikane ni nini hasa kinachomsumbua, na hapa ndipo familia nyingi zinapopotea.

Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wabanguaji wanayajua, ndiyo maana hupaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kazi. Mtoto akiling'ata ganda bichi anatoka na midomo iliyobabuka, naye anaweza kutangazwa kwamba "korosho hazimpendi". Huyo ameunguzwa na ganda. Punje iliyobanguliwa vizuri anaweza kuila bila tatizo lolote. Embe ni ndugu wa korosho kwa ukoo wa mimea, na utomvu wa ganda lake unaweza kuacha vipele kuzunguka mdomo kwa mtoto anayelimenya kwa meno. Mara nyingi dawa ni kumwoshea embe na kummenyea kwa kisu.

Kuna pia salfa. Kati ya Juni na Septemba mikorosho hupuliziwa salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, na vumbi lake huwasha macho na kuchokoza kifua cha mtoto mwenye pumu. Kikohozi cha mwezi Julai kisisingiziwe mayai aliyokula asubuhi.

Halafu upo mwiko. Zipo koo zisizokula mnyama au samaki fulani, na wapo wazee wanaoamini mtoto akizoeshwa mayai atakuwa mwizi. Mwiko una heshima yake, lakini hauhusiani na kinga ya mwili. Tatizo ni kwamba bibi aliyezoea kusikia watoto wa mjini "hawali hiki, hawali kile" anaweza kuuweka mzio kwenye fungu hilohilo la miko na madeko, akaona kwamba kidogo tu hakidhuru. Kwa mwenye mzio, kidogo kinadhuru.

Vipimo vya ngozi na damu vinavyosaidia kuuthibitisha mzio si rahisi kuvipata kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Lakini kipimo cha kwanza cha daktari yeyote ni maelezo ya mzazi, na hayo hayahitaji mashine. Chukua daftari la shule. Andika mtoto alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, dalili ilianza baada ya muda gani, ikaisha vipi. Piga picha mabaka kwa simu yako, kwa sababu mara nyingi mtoto akifika hospitali yameshapotea. Ukienda na daftari hilo Ndanda, Mkomaindo au hospitali ya Newala, mazungumzo na daktari yanaanza mbali zaidi kuliko kusema tu "anawashwawashwa".

Genge, kopo na mashine ya kusaga

Katika nchi nyingi tajiri mzazi hutegemea maandishi kwenye pakiti. Marekani, kwa mfano, tangu Januari 1, 2023 ufuta ni lazima utajwe waziwazi kwenye vyakula vya paketi. Hapa nchini usimamizi wa vyakula uko chini ya TBS tangu mwaka 2019, na bidhaa ya kiwandani inapaswa kuonyesha viambato vyake. Isome, hata kama ni biskuti ya shilingi mia mbili, na isome kila unapoinunua, maana kiwanda kinaweza kubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha rangi ya pakiti.

Ila ukweli ni kwamba chakula kingi cha familia za tambarare ya Makonde hakina pakiti. Kinapimwa kwa kopo. Na kopo lililochota karanga ndilo litakalochota mchele, kisha dengu. Mama mwenye mtoto mwenye mzio wa karanga hana haja ya kugombana na muuza genge. Abebe kopo lake mwenyewe kutoka nyumbani, aombe apimiwe kutoka kwenye gunia lililo mbali na karanga, na mbegu azioshe kabla ya kupika. Muuzaji akishaelezwa mara mbili tatu atakuwa mlinzi mzuri. Wauza genge wengi ni akina mama pia.

Unga wa lishe ndio unaohitaji jicho kali kuliko vyote. Kliniki husifu uji wa nafaka zilizochanganywa, na wafanyabiashara wadogo wameitikia: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga, na huku kusini wengine huongeza korosho au ufuta. Ni chakula kizuri kwa mtoto asiye na mzio. Kwa mwenye mzio ni mfuko usio na jina wenye vitu vitatu vya hatari ndani yake, vilivyosagwa hata visionekane. Usinunue unga wa lishe uliofungwa kwenye nailoni isiyo na maandishi. Tengeneza wako, kwa nafaka unazozijua.

Na hata huo wako una mtihani wake mashineni. Aliyekutangulia akisaga mchanganyiko wenye karanga, mabaki yake yamo ndani ya mashine na yatatoka na dona lako. Wahi asubuhi, uwe wa kwanza. Ukishindwa kuwahi, muulize mwenye mashine kilichosagwa mwisho ni nini, na debe la mtu mwingine la mahindi matupu likitangulia mbele yako, heri. Unga wa mwanzo kabisa uweke pembeni kwa ajili ya watu wazima.

Nyumbani kuna kinu. Kinu cha mti kinakunywa mafuta ya karanga miaka nenda rudi, na hakuna kuosha kutakakokitakasa. Familia inayoweza iwe na kinu kidogo cha pili, au itwange vya mtoto kwanza kwenye sufuria kwa mchi mpya. Vivyo hivyo mwiko wa kupikia na ungo. Kuchoma au kukaanga hakuondoi mzio wa korosho wala wa karanga. Protini yake inastahimili moto.

Mikono iliyobangua au kutwanga ioshwe kwa sabuni. Maji matupu hayatoshi, na dawa ya kutakasa mikono haiondoi protini ya karanga. Kwa mtu wa Newala, ambako maji yamekuwa shida ya miaka na ndoo ina bei, ushauri huu si mwepesi. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni, kinachofuliwa kila jioni, kinatumia maji kidogo kuliko kunawa kwa kumwagiwa, na kinafanya kazi.

Akiachishwa karanga, ale nini?

Kwa nyumba isiyonunua nyama kila wiki, karanga si kiungo tu. Ndiyo mafuta, ndiyo protini, ndiyo utamu wa mboga ya majani. Takwimu za afya za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kumwondolea mtoto chakula bila kumpa mbadala ni kumsukuma kwenye kundi hilo.

Bahati nzuri mbadala upo kwenye shamba lilelile. Karanga ni jamii ya kunde, lakini watoto wengi wenye mzio wa karanga wanakula mbaazi, kunde na choroko bila shida. Nazi pia, kwa walio wengi, haina tatizo, kwa hiyo kisamvu cha nazi kinachukua nafasi ya kisamvu cha karanga. Mbegu za maboga zilizotwangwa, dagaa, mayai kwa asiye na mzio wa mayai, na kijiko cha mafuta ya alizeti juu ya uji vinaziba pengo kubwa. Mafuta ya ufuta au karanga yaliyokamuliwa kijijini bila kusafishwa kiwandani yaachwe, maana bado yana protini ndani yake.

Jambo la kuzingatia: asiachishwe zaidi ya kile kilichothibitika. Mtoto mwenye mzio wa korosho si lazima awe na mzio wa karanga, ingawa wapo wenye vyote viwili. Pistachio, ambayo ni nadra huku lakini huja kwenye halua na zawadi za kutoka Arabuni, ni ndugu wa karibu wa korosho, na mwenye mzio wa moja aihofie nyingine.

Kwa shangazi, shuleni na jandoni

Sahani moja inayozungukwa na watoto sita ndiyo inayowatia wazazi hofu zaidi. Mwenye mzio apakuliwe kwanza, kwenye sahani yake, kabla mikono mingine haijaingia. Asitengwe akale chumbani. Akae na wenzake kwenye mkeka uleule.

Ugumu uko kwa ndugu. Kukataa chakula cha shangazi ni tusi, na mtoto wa miaka minne hawezi kutoa maelezo. Katika koo za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambazo kwa asili hufuata upande wa mama, neno la mjomba lina uzito. Mjomba akielezwa na daktari au muuguzi, si na mama wa mtoto peke yake, habari huenea ukoo mzima kwa namna ambayo mama angehangaika nayo mwaka mzima. Mpeleke kliniki siku moja.

Likizo za Juni na Desemba ni za jando na unyago, na mtoto anaweza kukaa siku kadhaa akila vilivyopikwa na wengine, mbali na mzazi. Kungwi na mpishi waambiwe kabla, uso kwa uso. Shuleni, mwalimu na mpishi wa uji wapewe karatasi yenye mambo matatu: chakula kinachomdhuru, dalili zake, na namba za simu za wazazi.

Akianza kukosa pumzi

Mabaka machache yanayowasha yanaweza kutulizwa na setirizini au piritoni kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Lakini mtoto akianza kukoroma kifuani, sauti ikabadilika, ulimi ukavimba, akatapika mfululizo au akalegea, vidonge hivyo havitamwokoa. Anahitaji sindano ya adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na anaihitaji ndani ya dakika, si masaa. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mzazi aulize mapema, siku ya amani, kama zahanati iliyo karibu inayo, na kama usiku kuna mtu.

Usimnyweshe maziwa kama aliyekula sumu. Usimtapishe. Mlaze miguu ikiwa juu. Akihema kwa shida, mkalishe. Usimsimamishe wala kumtembeza. Mwenye bodaboda unayemwamini awe anajua kwamba simu yako ya usiku ina maana gani, na mtu mzima wa pili akae nyuma amshike mtoto. Akishapata nafuu, asirudishwe nyumbani haraka. Dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Vipi kuhusu mdogo wake? Wazazi wengi, wakishaogopa mara moja, humficha mtoto mchanga wa nyumbani kila punje ya karanga. Utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kinyume: watoto waliokuwa kwenye hatari kubwa, walioanza kulishwa karanga kati ya miezi 4 na 11, walipata mzio wa karanga mara chache sana kuliko walionyimwa. Watoto waliokwisha kuonyesha mzio mkali kwenye kipimo hawakuingizwa, kwa hiyo kwa mdogo mwenye ukurutu mkali au mwenye mzio wa mayai, daktari aulizwe kwanza. Kwa wengine, anapoanza uji, ulio mwepesi wenye karanga zilizosagwa laini unafaa, ukipikwa kwenye sufuria yake na kulishwa mbali na kaka yake. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, awe na mzio au asiwe nao, kwa sababu zinapalia.